Kijitaa cha kijani

Usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani, mwanzoni mwa Aprili 2024, tushavuka nusu ya tarawehe, msikiti ukaingia kiza.

Haukufifia, ulizima pap. Taa sita na feni mbili kwa pamoja, na mvua nje inanyesha ya masika khasa, ile ya kusikia bati linapigwa ngoma. Imamu hakukatisha. Na cha ajabu spika nayo haikukatika, sauti yake iliendelea kutoka juu kama kawaida, sote tumo kizani tunamsikia vizuri utasema hakuna kilichotokea.

Mie nilikuwa safu ya tatu. Na ntasema ukweli, nilitakiwa nimsikilize imamu lakini jicho lilikwenda kwenye kona ya mlango wa viatu, palipo na betri. Pale palikuwa na kijitaa kimoja cha kijani kinawaka. Kile cha inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Baada ya kama dakika tatu spika ikakoroma, ikanyamaza, na kijitaa kikazimika.

Tulipotoa salamu watoto wa safu ya nyuma wakawasha tochi za simu, kisha vijana, kisha na wazee, simu zikawekwa chini kwenye mikeka zimeelekezwa darini, na rakaa zilobaki tukasali kwa mwanga wa simu kumi na kitu. Mfumo ule wa sola niliupanga mie. Kwa hisabati yangu, kwa kalamu yangu. Watu walichanga.

## Simu ndo zilizokula

Kisiwa chenyewe sikitaji, ni kimoja katika vile vidogo vya magharibi mwa Pemba, upande wa mama yangu. Nguzo za umeme hakikuwa nazo wakati huo. Mie nimekulia Unguja mjini na kazi yangu ni kufunga umeme majumbani, sola nilijifunzia njiani, hapa video pale kuuliza mafundi wenzangu, hapa kuunguza kitu changu mwenyewe.

Asubuhi yake nilipofungua kisanduku nikakuta sehemu ya kuchajia imejaa waya za simu kama mizizi ya mkoko. Nikauliza, hizi simu ngapi? Wakanambia ishirini, ishirini na tano, inategemea na siku, maana dukani wanalipa na msikitini ni bure.

Basi nikawaka. Nilisema maneno ambayo sasa hivi nikiyakumbuka naona haya, kwamba watu hawajui kutunza kitu, kwamba betri ya msikiti imeliwa na simu za watu wanaotazama mipira, na nikachukua karatasi nikaandika kwa kalamu nene MARUFUKU KUCHAJI SIMU nikaibandika juu ya kisanduku. Hakuna aliyenijibu. Mzee anaeshika funguo za msikiti, ambaye kwangu ni babu kwa upande wa mama, aliitazama ile karatasi muda mrefu, akasema tu, "Haya, mjukuu wangu."

Ndo hapo nikapata habari nyengine. Kumbe tangu kumi la kati taa zilikuwa zinakatika kabla ya daku. Kila siku. Hawakunambia, walinionea haya.

Nikapanda boti, nikala Idi mjini, na karatasi yangu nikaiacha pale.

## Karatasi ya kwanza

Lakini lile jambo halikulala. Wiki ya kwanza nikijiambia simu, simu, simu. Wiki ya pili usiku mmoja nikalitafuta daftari nililopigia hesabu mwezi wa Februari, nikalifungua kitandani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, naieleza kwa ambaye hajawahi kuipiga. Unaandika kila kitu kinachokula umeme, wati zake, na saa zake kwa siku, unazidisha, unajumlisha. Taa sita za wati 9 kwa saa 4 ni wati-saa 216. Feni mbili ndogo za wati 25 kwa saa 3 ni 150. Spika nikaikadiria wati 60 kwa saa moja, adhana tano na kadarsa kidogo. Jumla 426.

Paneli inatoa ngapi? Hapa ndo wengi wanateleza, mtu akiona mchana una saa kumi na mbili anadhani paneli ya wati 200 itafanya kazi saa kumi na mbili. Haifanyi. Jua la saa moja asubuhi si jua la saa sita. Ukilikusanya lote la siku nzima ukaligeuza kuwa jua kali la utosini, kwetu unapata kama saa tano za jua kamili siku nzuri. Wati 200 mara saa 5 ni 1,000, halafu unakata asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, waya na betri yenyewe maana haikurudishii chote ulichoipa. Inabaki 700. Na joto msilidharau, ile wati 200 iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa ikiwa kwenye nyuzi joto 25, sasa nani kaona paneli ya nyuzi 25 juu ya bati la Pemba mchana?

Mahitaji 426, mapato 700. Nilijiona nimejipa nafasi nzuri. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 kwa volti 12, ni wati-saa 1,200, na betri ya namna hiyo usiile zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo 600 za kutumia. 426 inaingia. Usiku mmoja inatosha.

Nikaitazama karatasi. Haina kosa la kuzidisha hata moja.

## Mwezi unaotembea

Kosa la kwanza nililiona pale pale kitandani na nikajicheka mwenyewe. Msikiti nimeupimia mwezi wa kawaida, Isha watu wanasali wanaondoka, na mfumo naufunga Shaabani, wiki chache kabla ya Ramadhani! Mtoto wa Kiislamu, nimezaliwa na kukulia visiwa hivi, nimesahau Ramadhani.

Ramadhani taa zile haziwaki saa 4, zinawaka tangu futari mpaka daku, muda wa saa 9 hivi. Peke yake ni 486. Feni saa 5, ni 250. Spika tarawehe, darsa, na kuamsha watu, saa 4, ni 240. Ukitia simu ishirini na tano za wati-saa 12 kila moja ni 300. Jumla 1,276.

Mara tatu ya karatasi yangu.

Na mwaka ule mfungo ukaangukia masika, mawingu siku nne mfululizo. Siku kama hizo jua lile la saa tano linashuka hata mbili na nusu, paneli yangu ikatoa wati-saa 350 kwa siku. Mtu anakula 1,276 anaingiza 350, hata mchuuzi wa njugu atakwambia duka hilo linafungwa.

Sasa hapa nikakwama kweli, maana ukisema nipange kwa Ramadhani ya masika, Ramadhani yenyewe haikai. Inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Miaka michache ijayo itakuwa kaskazi, jua kali, mbingu nyeupe, na 2030 zitaingia mbili mwaka mmoja, moja Januari na nyengine inaanza mwisho wa Disemba. Kwa hiyo niwachangishe wavuvi kwa hesabu ya mwezi mmoja ambao nao unahama? Au niwaambie wavumilie? Nilizunguka na hili suali siku kadhaa, hata kazini, kuna nyumba moja Mombasa, hii Mombasa yetu ya Unguja, nilifunga swichi juu chini kwa sababu yake.

Nilichofikia ni kwamba paneli na betri si kitu kimoja. Paneli inakaa miaka ishirini na zaidi, haina kinachooza ndani, na bei yake imeanguka sana. Betri ndo inayofilisi, ya asidi ukiitesa hata miaka mitatu haifiki. Kwa hiyo mawingu nitayapiga kwa paneli zaidi, sio kwa rundo la betri. Paneli tatu badala ya moja, siku mbaya ya saa mbili na nusu zinaingiza 1,050. Simu ukiziweka kando, hapo watu wanasali na wanakula daku wanaonana. Kiangazi zitazidi, na zizidi tu, jua halina bili.

## Ampea moja na nukta mbili

Lakini bado kulikuwa na kitu.

Kama kosa ni Ramadhani na simu, kwa nini ile betri nilipoipima Idi ikikaribia ilikuwa imechoka vile? Ilikuwa ya miezi miwili. Ilisoma volti 11.6 na imepumzika tangu asubuhi, na jua limetoka. Betri nzima ikipumzika inatakiwa ikupe 12.7, na 12.2 ndo nusu. Hii ilikuwa mgonjwa wa kitambo.

Na kile kijitaa.

Kila nikifumba macho nakiona kile kijitaa cha kijani pale konani, msikiti mzima kiza, chenyewe kinawaka.

Nikakumbuka siku ya kufunga. Nimemaliza, nawaonesha wazee, hii kontrola inayosimamia umeme unaoingia na kutoka, hii betri, hii inveta ndo inayobadilisha umeme wa betri uwe kama wa nyumbani kwa ajili ya spika. Inveta ya wati 1,500. Spika inataka wati 60, mie nimeweka ya 1,500, kwa nini, kwa sababu dukani waliniambia kubwa ndo nzuri na mie nilipenda wazee waone kitu kikubwa. Nikawaambia msiizime wala msiiguse, iacheni hivi hivi, adhana ikifika ni kuwasha spika tu.

Babu akainama akakitazama kile kijitaa. "Hiki kinawaka mchana kutwa, usiku kucha?"

"Ndio, babu."

"Hakili?"

"Hakili, babu. Ni kijitaa tu hicho."

Basi nyumbani nina inveta kama ile ile, ya duka lile lile. Usiku huo huo wa wiki ya tatu nikaamka, mke wangu ananiuliza unatafuta nini saa hii, nikaifunga kwenye betri, sikuchomeka kitu chochote, nikapitisha mita katikati. Kijani kikawaka. Mita ikasoma ampea 1.2.

Sikuamini, nikachomoa nikarudia. Moja na nukta mbili.

Mara volti 12 na ushei, ni kama wati 15. Wati 15 za kutofanya lolote. Mara saa ishirini na nne ni wati-saa 360 kwa siku.

Simu zote za kisiwa zile, ishirini na tano, zinakula 300.

Nilikaa pale sakafuni sijui muda gani. Inveta yangu mwenyewe, niliyoinunua mie, nikaiamrisha isiguswe mie, ilikuwa inakula kuliko simu zote nilizozibandikia karatasi. Tia ile 360 kwenye karatasi ya kwanza: 426 inakuwa 786, na mapato ni 700. Yaani hata kabla ya Ramadhani, hata jua likiwa zuri, mfumo ule ulikuwa unakopa. Kidogo kidogo kila siku, tangu Februari, na kwa vile kaskazi lilikuwa linatoa jua la nguvu hakuna aliyeona.

Na lile fumbo la spika kusema kizani nalo likafunguka. Taa na feni zilipita kwenye kontrola, na kontrola ina akili, volti zikishuka 11.1 inakata ili kuilinda betri (nayo ni chini mno kwa betri ya asidi, ilitakiwa niipandishe). Inveta nilikuwa nimeifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa sababu kontrola ndogo haiwezi kubeba mzigo wake. Hiyo haina wa kuikataza. Inanyonya mpaka 10.5 ndo inajizima yenyewe. Kwa hiyo kila usiku tangu kumi la kati taa zikikatwa kuiokoa betri, kijitaa kile kikibaki kuimaliza.

## Kiza chetu na chao

Nimejiuliza kwa nini sikupima. Mita ninayo, iko mfukoni kila siku, kupima ni dakika mbili.

Nadhani ni kwa sababu mtu wa mjini umeme tunauona kama maji ya bomba, upo au umekatika. Sisi tuliokuwa Unguja Disemba 2009 waya wa baharini ulipokufa tukakaa kiza miezi mitatu mpaka Machi 2010, tunakijua kiza, lakini ni kiza cha kusubiri, unajua siku moja wataunganisha na utarudi ule ule, usio na mwisho, unaacha taa ya chooni inawaka hata wiki. Pemba kubwa nayo mwaka huo huo wa 2010 ikapata waya wake kutoka Tanga. Kisiwa kile kidogo umeme wao ni kama mtungi wa maji, unaona umebaki ngapi, na anayeishi na mtungi ndo anaeuliza kitu kama hiki kinakunywa au hakinywi. Babu hajui ampea. Aliuliza suali ambalo mie fundi nilitakiwa niliulize kabla yake.

Nikamjibu bila kupima.

## Kurudi

Nilirudi mwezi wa Mei, mvua bado zipo. Vijana wao walioko Unguja na mmoja aliyeko Maskati walituma mchango nikanunua paneli mbili zaidi, na ya kwangu mwenyewe nikanunua amplifaya ya volti 12, zile za magari ya matangazo, ambayo haihitaji inveta kabisa. Inveta niliifungua nikaitia kwenye mfuko.

Nusura nifanye kosa jengine. Amplifaya niliiweka karibu na mihrabu, betri iko mlangoni, mita kumi na tano, nikavuta waya mwembamba wa 2.5 niliokuwa nao. Nikawasha, spika inakoroma vile vile. Nikapima betrini 12.4, nikapima kwenye amplifaya 11.4. Volti moja nzima imeishia njiani. Umeme wa nyumbani wa 230 ukipoteza volti moja hata hujui, lakini wa 12 ukipoteza moja ushapoteza sehemu ya kumi na mbili. Nikabadilisha nikatia waya mnene wa 6, na fyuzi pale pale kwenye kichwa cha betri, ikasema vizuri.

Mnazi mmoja wa upande wa kaskazini nao ulikuwa unatupa kivuli cha kuti kwenye pembe ya paneli ya zamani kila alasiri. Februari kivuli hicho hakikuwepo, jua lilikuwa limeelemea kusini kidogo, Mei limehamia kaskazini. Kipande kidogo tu cha kivuli, lakini seli za paneli zimeungwa mkia kwa kichwa kama mpira wa maji, ukiukanyaga pahala pamoja maji yanapungua wote. Mnazi ni wa mtu, haukatwi, tukahamisha paneli. Zote tatu nikazilaza kidogo kuelekea kaskazini ili mvua izioshe chumvi.

Betri mpya bado. Mahesabu yanataka lithiamu ya ampea-saa 200 ili ibebe usiku mbili, na pesa hiyo itasubiri. Ile ya zamani iliyochoka inafanya kazi ya nusu, na sikutaka kuifunga pamoja na mpya maana mgonjwa angemuambukiza mzima.

Karatasi ya MARUFUKU ilikuwepo bado, imelowa pembeni, wameibandika tena kwa gundi ilipoanza kuanguka. Hata simu moja haikuchajiwa tangu nilipoondoka. Niliibandua. Nikafunga sehemu ya kuchajia ya volti 12, nikawaambia chajini saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, jua likiwepo, mchana betri ikishajaa ule umeme hauna pa kwenda. Na baada ya Adhuhuri nikasimama nikawaeleza kwamba si simu zilizozima taa, ni mie, kwa kile chombo. Kijana mmoja akacheka. Wengine wakasema haya, hayana neno.

Babu hakusema kitu, alikuwa ameinama tena kwenye kisanduku. Kontrola ina kijitaa chake, chekundu, kidogo kama mbegu ya ufuta.

"Na hiki?"

Nilikuwa tayari kufungua mdomo. Nikaenda kwenye begi nikachukua mita, nikachomoa paneli, nikachomoa mizigo yote, nikaipitisha katikati, nikamshikisha babu aisome mwenyewe. Miwani hana, akaisogeza mbali na uso.

"Sifuri. Sifuri na moja."

"Sifuri nukta sifuri moja, babu. Ampea."

"Kinakula?"

"Kinakula. Siku nzima hakifiki taa moja kwa nusu saa."

Akanirudishia mita, akafunga mlango wa kisanduku taratibu.

"Basi kiache kile tu, maskini."